Vyumba Vitupu Katika Nota za Dufu

Kabla ya yote namshukuru Mola aliyeniachia masikio mawili mazima hadi uzeeni. Kwa mtu aliyefanya kazi maisha yake Kariakoo, hiyo ni karama inayostahili sijida yake peke yake. Nyinyi vijana mnaoandika ngoma kwa kompyuta mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nitawaeleza, ila msinidai mpangilio. Mpangilio ni kazi ya mashine. Mzee husema linalomjia.

Nilikuwa mwandishi wa nota, hasa nota za ngoma. Nikimwambia mtu "naandika ngoma", alinitazama kama niliyesema naupaka upepo rangi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alichoka kueleza, akawaambia majirani zake kwamba mkwe wake ni karani, mambo yakaisha. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitambaa la Mzee Jayanti, Mhindu muungwana. Wapangaji wake wengine walikuwa mafundi cherehani na redio zao. Alikuwa akiwaambia, "Mtazameni huyu mzee, kazi yake ngoma, na sijawahi kusikia hata pigo moja." Huko chini wasukuma mikokoteni wanapita wakilia "mguu, mguu", na mimi juu nimeziba masikio kwa spika ndogo, natafuta kama pigo limeangukia kabla ya neno au baada yake.

Nianze na alama. Ngoma ya mkono haihitaji ile mistari mitano ya waimbaji; mstari mmoja unatosha. Pigo la katikati ya ngozi, lile nene, tunaliwekea kichwa cha mviringo. Pigo la ukingoni, lile kali, tunaliwekea alama kama ile anayowekewa mwanafunzi aliyekosa hesabu. Hapo pana hatari. Mpigaji mmoja wa dufu, muuza viatu vya mitumba pale Mchikichini, nilipompa karatasi yake aliitazama kwa muda, uso ukamshuka.

"Mzee," akasema, "ina maana hata moja sikupata?"

Tangu siku hiyo sikumkabidhi mtu karatasi bila kumweleza alama kwanza. Fanyeni hivyo. Watu wameumizwa sana na walimu wa hesabu katika nchi hii.

Jambo jingine ni sauti za ndani ya mashine. Programu ya nota haijui dufu ni nini. Inajua tu kwamba alama ikikaa mahali fulani, ilie kitu fulani, na hicho kitu kimechaguliwa na watu ambao huenda hawajawahi hata kuhudhuria harusi ya kwetu. Niliwahi kuiandikia kwaya moja wimbo wa mavuno, wenye ngoma na kayamba. Katibu wao akalifungua faili kwenye simu yake, kwa programu nyingine, na kule mahali pa kayamba palikuwa pamepewa filimbi. Baada ya siku chache akanipigia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ile filimbi tumeshanunua. Sasa tunauliza, apulize mtu wa sauti ya kwanza au wa besi?"

"Filimbi gani?"

"Hii ya refa. Simu inapuliza kila mwisho wa mstari. Mwenyekiti amesema ni ubunifu mzuri."

Nilimweleza taratibu. Alinishukuru sana, lakini mpaka leo sina hakika kama waliacha. Kuna watu wakishanunua kitu, hakiwezi tena kuwa kosa.

Aliyenifunza kazi aliitwa Mzee Gaspari, mwalimu wa kwaya. Mimi nimetoka chuoni, nimelelewa kwa ubao na msahafu. Yeye rozari haikumtoka mfukoni. Tulikaa meza moja miaka mingi na hatukugombana hata mara moja juu ya dini. Tuligombana juu ya nusu pigo, na ugomvi huo ulikuwa mkali. Kanuni yake ilikuwa kwamba kabla hujaandika, upige mezani kwa viganja. "Usichoweza kukipiga mezani," alikuwa akisema, "ukikiandika umetoa ushahidi wa uongo." Yeye ndiye aliyenipa neno ninalolitumia hadi leo. Kile kisehemu cha nota kilicho kati ya mstari mmoja wa kusimama na mwingine, yeye alikiita chumba. Kila chumba kina wapangaji wake, yaani mapigo, na hesabu yao haipungui wala haizidi. Mashine nayo inaamini hivyo hivyo. Ukiacha hata robo pigo inakuwekea wekundu, kama mwenye nyumba aliyekuja kugonga mlango.

Na jihadharini na kitufe cha kunyoosha. Mpigaji akipiga mashine ikimsikiliza, inaandika kama alivyopiga, na mkono wa mtu huchelewa kidogo pale anapotaka utamu. Kitufe hicho kinavuta kila pigo likae sawasawa mahali pake. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia mpigaji aliyeanza kupiga kabla yeye hajazaliwa, "Baba mdogo, nimekurekebisha." Baba mdogo akavaa spika za masikioni, akasikiliza hadi mwisho, akazivua kwa adabu. "Huyu anapiga vizuri," akasema. "Ni nani?"

Sasa niwaeleze habari ya Maalim Athumani, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuwaandikia.

Maalim alikuwa na madrasa Gerezani, na madrasa hiyo ilikuwa na kikundi cha dufu. Kila maulidi ya mtaa wetu kikundi chake ndicho kilichofungua, kwa kasida moja ile ile aliyoipokea kwa mwalimu wake. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwake kusimama mbele. Miguu ilikuwa imechoka, na binti yake alikuwa anamhamishia kwake Tanga. Alitaka jambo moja tu: vijana wake waifungue maulidi akiwapo, kwa kasida hiyo nzima kama alivyoipokea, ili akiondoka ajue ameikabidhi.

Mwaka huo huo ndipo ilipoundwa kamati mpya. Maulidi iliyotangulia kikundi kimoja kiliimba hadi kikaipita Magharibi, shekhe akabaki anatazama saa. Kamati ikaamua kwamba kila kikundi kilete kasida yake ikiwa imeandikwa kwa nota, pamoja na faili la sauti, ili urefu ujulikane mapema. Kisicholeta hakitapanda. Nia ilikuwa njema. Mambo mengi ya kuchekesha duniani yameanza na nia njema na kikao.

Katibu wa kamati alikuwa Idrisa, muuza simu wa Msimbazi. Kijana mzuri, mwenye swala tano, tena mkarimu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kisichokuwa ndani ya faili, kwake hakijaumbwa.

Basi Maalim akapanda ngazi zangu, akipumzika kila baada ya vidato vichache, nyuma yake Hamisi, mpigaji wake mkuu, amekumbatia dufu. Tulikaa asubuhi nzima. Maalim anaimba, Hamisi anapiga, mimi napiga mezani, kisha naandika. Ikaenda vizuri mpaka baada ya ubeti wa tatu. Hapo Hamisi akaweka mikono mapajani. Maalim akafumba macho, akaendelea kuimba peke yake, polepole, beti baada ya beti. Kisha dufu zikarudi.

"Hapa katikati dufu zinafanya nini?" nikauliza.

"Zinanyamaza."

"Beti zote hizi?"

"Zote. Ndivyo nilivyopokea."

"Kwa sababu gani, Maalim?"

Akanitazama kwa upole. "Hapo malaika wanapita."

Sikubishana naye. Malaika hawahitaji kibali cha mwandishi wa nota. Nikaandika vyumba vitupu kwa urefu wa beti zake, kila kimoja na alama yake ya kunyamaza, na juu yake maneno ya kasida. Mashine ilipocheza, ikapiga, ikapiga, kisha ikakaa kimya hadi ukadhani umeme umekatika, kisha ikashtuka ikapiga tena. Maalim akatabasamu. "Imeelewa," akasema.

Idrisa hakuelewa. Alitaka faili lenyewe, siyo karatasi, nami nikampa, maana ndiyo amri ya kamati. Kesho yake akaja na kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo, Mzee. Nimekusafishia ile kazi."

"Marahaba. Umesafisha nini?"

"Kulikuwa na hitilafu. Katikati vyumba vitupu vimejaa tele, mashine inacheza kimya. Nimevitoa. Zile beti za ziada nimezifuta, kasida sasa imebana vizuri."

Vijana, lazima mwelewe Idrisa ni mtu wa wapi. Kariakoo chumba kitupu hakikai. Mpangaji hajashusha godoro lake ngazini, mwingine keshaweka bidhaa zake ndani. Tunapangisha chini ya ngazi, tunapangisha ukuta wa nje, nimeona mtu anauza soksi kwenye mlango wa choo. Aliyezaliwa hapa ukimwonyesha nafasi isiyo na kitu, hawezi kudhani imeachwa kwa makusudi. Anadhani mwenyewe amesafiri.

Nikamwambia, "Maalim anasema ndivyo alivyopokea."

"Namheshimu Maalim, ni mwalimu wangu. Lakini Mzee, kimya hicho kinafanya kazi gani?"

Habari ya malaika haikuwa yangu kuisema, na sababu nyingine sikuijua. Nikampelekea Maalim habari mwenyewe, kwa mguu, maana mambo mengine hayasemwi kwa simu. Nilimkuta barazani anajipepea kwa upepeo. Alisikiliza, akauweka upepeo mapajani.

"Nikikataa?" akauliza.

"Kitafungua kikundi kingine."

"Na vijana wameshasikia?"

Walikuwa wameshasikia. Idrisa alikuwa amewatumia ile sauti iliyobanwa, na walikuwa wanaifanyia mazoezi kwa simu, wakiifurahia, kwa kuwa ilikuwa fupi na haikuwalazimisha kukaa wametulia. Hamisi alikuja pale tukiwa tunazungumza, akambusu mkono mwalimu wake. "Maalim, tukikosa kufungua, watoto wa madrasa watalia," akasema. Maalim akajipepea tena mara mbili tatu.

"Tutafungua," akasema. "Nitaimba walichoniachia."

Nimeona watu wakikubali mambo mengi katika maisha yangu. Kukubali kule kulinikaa kifuani.

Siku yenyewe ukumbi tuliouzoea ulikuwa umechukuliwa na harusi. Miaka yote ile ya karibuni tulikuwa tukisoma ndani, kwenye kiyoyozi, na dufu zilianikwa juani kwanza juu ya paa la madrasa. Safari hii turubai lilifungwa mtaani, baada ya Alasiri, na jua halikutoka tangu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yanakuja na kuondoka. Hewa ilikuwa ile ya Dar ambayo kanzu unaivaa kavu na kuivua ikiwa mbichi. Nyuma ya turubai Bi Tatu, muuza vitumbua, alikuwa na majiko yake ya mkaa kama kawaida.

Maalim akasimama mbele, akafumba macho kama alivyofanya siku zote. Vijana nyuma yake wakapiga. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, nikasikia kitu kinapungua. Anayejua ngozi ya mbuzi anajua: ikinywa hewa mbichi inalegea, na ikilegea haisemi. Kufikia ubeti wa tatu dufu zilikuwa zinalia kama watu wanakung'uta godoro. Pale ukingoni palipotakiwa kulia kwa ukali, pakawa panapumua tu. Hamisi alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama, na kadiri alivyopiga ndivyo ilivyokataa. Watu wa nyuma wakaanza mazungumzo yao. Mmoja akatoa simu.

Idrisa alikuwa pembeni ya spika, karatasi mkononi, kidole kwenye mstari. Karatasi ilikuwa inakwenda vizuri.

Maalim akainua kiganja. Dufu zikanyamaza, na nadhani zilishukuru. Akaanza zile beti zilizofutwa. Sauti ya mzee, nyembamba, bila chochote chini yake, ukasikia hata manyunyu juu ya turubai. Wale wa nyuma wakanyamaza. Idrisa akageuza karatasi upande wa pili, akairudisha, akaiangalia tena upande wa pili, palipokuwa peupe.

Kwenye mkeka vijana walikuwa wameketi hawana la kufanya. Hamisi aliitazama dufu yake, akaibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akatazama nyuma, akaona majiko ya Bi Tatu. Akainuka kwa kuinama, kama mtu anayetoka msikitini kwa udhuru, na mwenzake akamfuata, na mwingine. Nilikuwa nimekaa ubavuni, nikawaona wote. Bi Tatu akasogeza kikaango bila kuulizwa. Wakazishika dufu juu ya mkaa, ngozi ikitazama chini, wanazizungusha, wanagonga kwa ukucha, wanasikiliza, wanazungusha tena.

"Zisiungue," nikamsikia Bi Tatu anasema taratibu. "Na mafuta yangu msiyaangalie hivyo, mtakula baadaye."

Maalim alikuwa anaimba amefumba macho. Beti zikaenda, zikaenda. Alipofika mstari wa mwisho vijana walikuwa wanaketi, na neno lake la mwisho lilipoisha Hamisi akapiga. Ilikuwa kama mtu mwenye pete ameupiga mlango wa mninga. Watu walishtuka, wakamswalia Mtume wote kwa pamoja, na yule mwenye simu akaisahau mkononi.

Baada ya dua, Maalim alikaa kwenye kiti, nikiwa karibu yake.

"Zilifufukaje?" akamuuliza Hamisi.

"Tulizipasha moto, Maalim. Kwa Bi Tatu. Wakati unaimba."

"Zikawahi?"

"Ziliwahi sawasawa. Ungeongeza ubeti zingeungua, ungepunguza zingekuwa bado."

Maalim akageuka, akauangalia moshi wa majiko nyuma ya turubai kana kwamba kuna mtu anayemfahamu ndani yake. "Mimi tangu mdogo ni mwimbaji," akasema. "Nasimama mbele, nimefumba macho. Mwalimu wangu hakuniambia, nami sikugeuka." Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kumbe malaika walikuwa na mkaa."

Idrisa akaja, karatasi imelowa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepotea mtaani kwao. "Mzee," akaniuliza, "pale walikuwa chumba cha ngapi?"

"Walikuwa kwenye vile ulivyovibomoa."

Akacheka naye. Nimesema ni kijana mzuri. Kesho yake alipanda ngazi zangu tukavirudisha vyumba vyote, kimoja kimoja, na beti juu yake. Ila hakuweza kuviacha bila neno. Alisema karatasi isiyosema kitu itamchanganya katibu atakayemfuata. Basi tukaandika chini, kwa herufi ndogo: hapa dufu zinapashwa moto. Maalim akahamia Tanga akiwa na nakala ndani ya msahafu wake, ingawa hawezi kuisoma. Alisema ananifurahisha mimi.

Hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa kamati. Idrisa alivitumia vikundi vyote faili letu kama mfano wa kazi iliyokamilika. Mwaka uliofuata kila kasida iliyoletwa ilikuwa na vyumba vitupu. Kikundi kimoja kiliviweka mwanzoni kabisa. Wakapanda jukwaani, wakasalimu, wakatoka kwenda kupasha moto. Tulikuwa tumerudi ukumbini, kwenye kiyoyozi, na kamati ikaagiza jiko la mkaa liwekwe karibu na mlango wa nyuma, kwa kuwa limeandikwa. Kikundi kutoka ng'ambo ya Kivukoni kilikuja na dufu mpya za ngozi ya plastiki, zile ambazo hazilegei hata ukizitia maji. Walipofika kwenye kimya wakainuka kwa nidhamu, wakaenda jikoni, wakazishika juu ya makaa. Moja ikatoboka katikati, harufu ikajaa ukumbi mzima.

Nilimuuliza kiongozi wao kwa nini. Akanijibu kwa heshima, bila wasiwasi wowote, "Mzee, si ndivyo ilivyoandikwa?"

Kwa hiyo mkiandika, wajukuu zangu, mwulizeni mpigaji anakaa au anasimama, anapiga mkono gani, na ngozi yake ni ya nini. Mashine ikiwaonyesha wekundu, msijaze chumba kwa hofu. Na chumba mkikiacha kitupu, angalieni maneno mnayoyaandika chini yake, maana yupo mtu atakayeyatii.

Jioni ya maulidi ile nilimpigia Maalim Tanga, nikamweleza yote, na plastiki nikamweleza. Alicheka mpaka binti yake akaja kuchukua simu, Maalim akamnyang'anya akairudisha sikioni.

"Na zile beti?" akauliza. "Walipokuwa kule jikoni, zile beti ziliimbwa?"

"Ziliimbwa zote, Maalim."

"Watu walisikiliza?"

"Ukumbi mzima ulinyamaza. Hata harufu ilipoanza, hakuna aliyeinuka."

Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake watoto wa Tanga wanasoma kitu kwa sauti moja.

"Basi," akasema, "waache plastiki iungue."